Je, Aliyejiajiri Hana Bwana?

Liko neno moja ambalo siku hizi lasikika kila mahali, mikutanoni na mashuleni, redioni na hata arusini: "Vijana, msingoje kuajiriwa, jiajirini." Wasemao neno hili ni wengi, nao ni watu wenye heshima, na nia yao twaiamini kuwa ni njema. Walakini limesemwa mara nyingi hata limekuwa kama sarafu iliyopita katika mikono mingi mno: picha yake imefutika, wala hapana tena aitazamaye kama ni fedha kweli au ni bati. Leo twataka kuitazama.

Hatusemi ya kuwa kujiajiri ni jambo baya. La, hasha. Mkulima mwenye shamba lake amejiajiri tangu zamani za babu zetu, kabla neno lenyewe halijatungwa. Mhunzi, mfinyanzi, na mvuvi mwenye ngalawa yake, hawa wote hawakumngoja mtu awaandikie barua ya kazi. Wala hatusemi ya kuwa Serikali iwape watu wote kazi. Haiwezekani, na kila mwenye akili ajua hivyo. Tunalolipinga ni hili: kumwambia kijana asiye na kitu "jiajiri", kisha kumhesabu kuwa amejiajiri siku ile ile aingiapo barabarani, na kuona ya kuwa deni letu kwake limekwisha.

Sisi twashika ya kwamba mtu hawezi kuitwa aliyejiajiri mpaka awe na vitu vitatu: chombo cha kazi kilicho chake, mahali pa kufanyia kazi asipofukuzwa, na ujuzi mkononi. Asiyekuwa na vitu hivi, hata tukimwita mjasiriamali kwa sauti kuu, amekwisha kuajiriwa. Tofauti ni moja tu: bwana wake haonekani, wala hakutia mkono katika karatasi yo yote.

Tutwae mfano wetu Dar es Salaam, si katikati ya mji penye maghorofa, bali pembeni, katika wilaya za Temeke na Kinondoni, maana huko ndiko waendako wengi wa vijana wetu watokao vijijini. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 Temeke ilikuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni watu 982,328. Apitaye Mbagala Rangi Tatu na soko la Tandika, au aendaye Mwananyamala, Tandale na Tegeta, huona kazi kila upande. Huyu auza maji, yule achoma mahindi, huyu ashona nguo, yule apakia abiria katika pikipiki. Na kule Kunduchi Mtongani kina mama hugonga mawe kwa nyundo wapate kuuza kokoto. Atakayesema ya kuwa vijana wetu ni wavivu, na asimame Mbagala saa kumi na moja alfajiri, kisha arudi aseme tena.

Basi kazi ipo, na jasho lipo. Swali letu ni jingine: jasho hili lamwagikia shamba la nani?

Tuanze na chombo. Pikipiki nyingi zipakiazo abiria, yaani bodaboda, si mali ya wale waziendeshao. Mapatano yao huwa ya namna mbili. Ya kwanza huitwa hesabu: kijana hupewa pikipiki, na kila jioni humpelekea mwenyewe fedha waliyopatana, kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake. Ya pili huitwa mkataba: kijana hupeleka fedha kila siku kwa muda waliopatana, na muda ukiisha pikipiki huwa yake.

Na tupige hesabu kwa mfano. Tuseme mapatano ni shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa juma. Kwa juma ni shilingi 60,000, na kwa mwaka wa majuma 52 ni shilingi 3,120,000. Kijana wa hesabu akiisha kutoa fedha hizo zote, hata skrubu moja ya pikipiki ile si yake. Mwaka wa pili aanza tena palepale alipoanza mwaka wa kwanza, ila pikipiki imechakaa na mgongo wake pia. Kijana wa mkataba ana tumaini zaidi, nasi twalisifu tumaini hilo. Lakini mikataba mingi ya namna hii ni ya mdomo. Tuseme amelipa miezi kumi, akaugua majuma mawili. Mwenye pikipiki akaja na ufunguo wa pili, akaondoka nayo. Kijana atamwonyesha nani karatasi, naye hana? Miezi kumi ya maisha yake imekwenda kama maji mchangani.

Na wenye pikipiki hizi ni nani? Tusidhani ni matajiri wa mbali tu. Ni watu wa namna yetu: walimu, makarani, wauguzi, wafanya biashara wa dukani, hata wazee wa kanisa. Mtu apata akiba kidogo, anunua pikipiki, ampa kijana wa jirani, kisha ajisifu mbele za watu, "Nimemsaidia kijana yule, sasa amejiajiri." Ndugu msomaji, kama kila jioni apokea fedha kutoka mkono wa yule kijana, ni nani amsaidiaye mwenziwe?

Mambo haya hayakuanza na pikipiki. Mwaka 1983 mabasi madogo ya watu binafsi yaliruhusiwa kuchukua abiria Dar es Salaam, kwa kuwa Shirika la Usafiri, yaani UDA, lilikuwa limeshindwa kuwatosha watu. Hayo ndiyo daladala. Tangu mwanzo mwenye basi alidai hesabu yake kila siku, na dereva na kondakta wakala kilichobaki. Abiria huwalaumu kwa mbio zao, na kwa kujaza watu kama dagaa, na kwa kuwazuia wanafunzi mlangoni kwa sababu ya nauli yao ndogo. Makosa hayo ni makosa. Lakini na tuseme kweli yote: dereva akimbizaye basi akimbilia kwanza fedha ya mwenye basi, ndipo apate chakula cha wanawe. Mwanachuoni mmoja, Matteo Rizzo, aliichunguza kazi hii kwa miaka mingi, na katika kitabu chake cha mwaka 2017 alieleza ya kuwa watu hawa, ambao wataalamu wengi huwahesabu kuwa wamejiajiri, kwa kweli ni vibarua wa wenye mabasi, wasio na mkataba. Wenyewe walijua hivyo zamani. Chama chao, UWAMADAR, kilidai mikataba ya maandishi kwa wenye mabasi. Angalieni sana jambo hili: mtu aliyejiajiri hadai mkataba wa kazi. Ataudai kwa nani? Audaiye amjua bwana wake.

Hali kadhalika wachuuzi. Kijana atembeaye juani na mashati begani, mara nyingi amepewa mashati yale kwa mali kauli, yaani hakulipa kitu, bali ametoa ahadi ya kulipa akiisha kuuza. Mali kauli ni desturi nzuri kati ya watu waaminianao, na wengi wamepanda kwa ngazi hiyo. Lakini bei yapangwa na mwenye duka, faida kubwa ni ya mwenye duka, na hasara ni ya kijana peke yake. Mvua ikinyesha juma zima, deni halinyeshewi. Mashati yakichukuliwa na askari wa mji, deni halichukuliwi. Mwenye duka amepata muuzaji asiyelipwa mshahara, asiyeugua kwa gharama ya duka, na asiyedai likizo. Kibarua wa shamba la mkonge alikuwa na kipande chake, na siku zake zikahesabiwa humo. Huyu hana hata kipande.

Mama lishe naye ana sufuria zake na meko yake, na kwa hiyo yafaa tuseme yeye amejiajiri kweli. Lakini mara nyingi mchele na mafuta vimenunuliwa kwa mkopo ule ambao watu wenyewe wameupa jina la kausha damu. Huurudisha kidogo kidogo kila siku, na riba yake haitajwi kwa mwaka wala kwa mwezi, asije akaishtukia. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa namna hii. Tuseme mama amekopa shilingi 100,000. Kwa kiasi hicho riba ya mwezi isizidi shilingi 3,500. Akiambiwa arudishe 130,000 kwa mwezi mmoja, na ajue ya kuwa mtu yule hamsaidii, bali amemwajiri, na sufuria zile zamtumikia yeye.

Kwa nini basi bwana huyu haonekani? Sababu moja ni neno lenyewe. Mtaani mtu akisikia "kuajiriwa" hufikiri ofisi, barua yenye muhuri, na mshahara mwisho wa mwezi. Akija karani wa takwimu akamwuliza kijana wa hesabu, "Je, umeajiriwa?" atajibu, "La." Na karani ataandika: amejiajiri. Kwa neno moja bwana amefutwa, na katika vitabu vya nchi yaonekana ya kuwa tuna taifa la watu huru wenye biashara zao. Kisha watu wakubwa huvisoma vitabu hivyo, wakafurahi.

Lakini sheria ya nchi haikudanganyika kama sisi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 61, yataja alama za kumtambua mwajiriwa, hata kama mapatano yao yameitwa kwa jina jingine. Miongoni mwake ni hizi: kwamba saa zake za kazi zasimamiwa na mwingine, kwamba kwa riziki yake amtegemea yule amfanyiaye kazi, kwamba amepewa na mtu huyo vyombo vya kazi, kwamba amfanyia kazi mtu mmoja tu. Ikiwapo hata alama moja, huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe kuwa sivyo. Hatusemi ya kuwa kila mwenye pikipiki apelekwe barazani kesho. Twasema kwamba hata watunga sheria waliona neno hili la chombo: akupaye chombo ndiye bwana wako.

Tuje katika kitu cha pili, yaani mahali. Hapa tutasema kwa uchungu kidogo, kwa kuwa ndipo neno "jiajirini" huonekana wazi kuwa halina mizizi.

Zamani za Waingereza watu wasio na kazi ya kuandikwa walikamatwa Dar es Salaam na kurudishwa makwao, wakiitwa wahuni. Uhuru ulipokuja tulidhani mambo hayo yamekwisha. Lakini mwaka 1983 ilitungwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi, na watu wengi wa mjini, pamoja na wachuuzi, wakakamatwa kama wazururaji na kupelekwa mashambani. Tena ni mwaka ule ule ambao daladala ziliruhusiwa. Baadaye jina hilo la Nguvu Kazi likawa jina la leseni ya wafanya biashara wadogo. Neno lililomfukuza mtu likageuka kuwa ruhusa yake, ndivyo tulivyo.

Wachuuzi hao ndio walioitwa machinga, kwa jina la watu wa kusini, kwa kuwa vijana wengi wa Lindi na Mtwara walikuja kufanya kazi hiyo. Wala hawakuja kwa kupenda taa za mjini tu. Korosho za nchi yetu zilizidi tani 140,000 katika msimu wa 1973/74. Kufika mwisho wa miaka ya 1980 misimu mingine ilikuwa chini ya tani 20,000. Mkorosho usipolipa, kijana huondoka. Hivyo kijana tunayemlaumu kwa kuziba barabara ya Kariakoo alitoka katika shamba lililokwisha kushindwa kumlisha, na kujiajiri kwake kwa kwanza, kule kijijini, kulivunjika mikononi mwa wengine.

Basi mji umefanya nini naye? Mwaka 2010 jengo kubwa la Machinga, karibu na Karume, lilikuwa limekwisha kujengwa kwa mkopo wa mabilioni ya shilingi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya jengo hilo ilikaa bila watu, maana mchuuzi huwafuata wanunuzi, na wanunuzi hawapandi ngazi kutafuta soksi. Mwezi wa Desemba 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho vya wafanya biashara wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 4, wapate kuuza bila kusumbuliwa. Wengi walishukuru. Mwezi wa Oktoba 2021 vibanda vya kandokando ya barabara viliondolewa mjini, na watu wakaambiwa waende katika masoko waliyopangiwa. Na mwezi wa Januari 2022 soko la Karume liliteketea kwa moto, na mali za wachuuzi ndani yake.

Twajua upande wa pili. Barabara ni ya wapitao, na mwenye duka alipaye kodi ya pango na ya Serikali ana haki ya kulalamika mlango wake ukizibwa. Mji usio na utaratibu hauwafai hata machinga wenyewe. Lakini jambo moja haliwezi kutetewa: kumwambia mtu asubuhi "jiajiri", na jioni kuichukua mizani yake. Aambiwaye "ondoka hapa" sharti aonyeshwe "nenda pale", na "pale" pawe mahali wapitapo watu, si porini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Apangaye masoko kwa ramani tu, hajui ya kuwa hatua mia kutoka kituo cha basi zaweza kuwa tofauti ya kula na kulala njaa.

Kitu cha tatu ni ujuzi, nacho chaweza kupatikana kwa fedha kidogo kuliko vingine. Nendeni Keko, wilaya ya Temeke, mkawaone maseremala watengenezao vitanda, makabati na viti. Fundi mwenye randa yake, msumeno wake na patasi yake, ajuaye mbao na kipimo, huyo akihamishwa leo, kesho atapata kazi pengine. Chombo chaweza kuibiwa, mahali paweza kubomolewa, lakini ujuzi haushikwi na askari. Shirika la viwanda vidogo, yaani SIDO, liliundwa mwaka 1973. Mamlaka ya elimu ya ufundi, yaani VETA, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na chuo chake kimoja kikubwa kipo Chang'ombe, si mbali na Keko. Walakini wazazi wengi huona aibu kumpeleka mtoto aliyeshindwa mtihani kujifunza useremala au ushonaji. Humwacha akae nyumbani mwaka mmoja, kisha humpa nauli ya basi. Nauli si mtaji. Kijana ashukaye mjini bila ujuzi huuza kitu kimoja tu alicho nacho, yaani nguvu za mwili wake, na auzaye nguvu zake kwa siku ameajiriwa, apende asipende.

Watu wa vijijini wasije wakasema, "Hayo ni ya mjini, sisi tu huru." Je, mkulima wetu hana bwana? Anayo jembe lake na shamba lake. Basi chombo anacho na mahali anapo. Lakini akiuza viazi kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu yake, amelipwa gunia moja akatoa gunia na zaidi. Na kule kusini watu waijua kangomba: njaa ikimbana mkulima kabla ya mavuno, huja mtu mwenye fedha, akanunua korosho zingali mtini kwa bei ndogo na kipimo chake mwenyewe. Siku ya mavuno mkulima huvuna mali ya mwingine. Huyu naye ameajiriwa shambani mwake, na hajui. Chanzo ni kile kile: ashikaye kipimo, au ashikaye fedha ya siku ya njaa, ndiye bwana.

Sasa watatujibu wapingao. Wa kwanza atasema, "Matajiri wengi walianza na karanga za shilingi chache." Ni kweli, wapo. Lakini kwa kila mmoja aliyepanda twamwona kwa macho, na wale waliobaki chini hatuwaoni, kwa kuwa hapana amwalikaye mkutanoni mtu aliyeuza karanga miaka ishirini akabaki na karanga. Wa pili atasema, "Bila bodaboda na mali kauli vijana hawa wangekuwa wezi." Twakubali ya kuwa kazi hizi zimelisha nyumba nyingi na kulipa ada za wadogo zao. Hatutaki ziondolewe; twataka ziitwe kwa jina lake la kweli, na kazi ikiisha kuitwa kazi ya kuajiriwa, basi ipate haki za kazi ya kuajiriwa. Wa tatu atasema, "Mnawakatisha vijana tamaa." La. Tamaa hukatwa na ahadi ya uongo. Mtu aliyeambiwa kweli hujua pa kushika.

Basi yatupasa kufanya nini?

Neno la kwanza ni kwa wazazi. Kama una mbuzi wa kuuza ili kijana aende mjini, muuze; lakini fedha ile isiwe ya nauli tu. Kwanza akae kwa fundi, hata kama ni mwaka mzima, ajifunze kazi moja barabara. Kisha ukoo mkutane mmnunulie chombo: cherehani, au vyombo vya useremala, au vya uashi. Twachanga fedha nyingi kwa arusi ya siku moja, na kamati huketi miezi mitatu, na kadi hugawanywa hata kwa watu tusiowajua. Ukoo uwezao kuchangia arusi wawezaje kushindwa na cherehani? Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini ndugu ampaye nduguye chombo amemwondolea kutegemea.

Neno la pili ni kwa wenye pikipiki na cherehani na mabasi, ambao wengi wao, kama tulivyosema, ni watu wa kwetu. Hatuwakatazi faida. Fedha yako ina haki yake. Lakini andikeni mapatano, mbele ya mashahidi, nakala mbili: kiasi cha kila siku, siku ambazo mapatano yataisha, na itakuwaje kijana akiugua au chombo kikivunjika. Na mapatano yawe ya namna ile ambayo mwisho wake chombo ni cha kijana. Kila afikishapo fedha, atiwe sahihi katika daftari. Kalamu na daftari havigharimu hata hesabu ya siku moja. Akataaye kuandika ajichunguze kwa nini akataa.

Neno la tatu ni kwa halmashauri. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 yaamuru kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri itengwe kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria njema. Lakini mwezi wa Aprili 2023 mikopo ilisimamishwa, baada ya wakaguzi kuona vikundi vya hewa na fedha zisizorudi, nayo ikarudishwa mwaka 2024. Twaomba mambo mawili. Moja, mkopo utolewe kwa chombo kila iwezekanapo, kama halmashauri nyingine zilivyotoa pikipiki na bajaji, maana mashine ya kushonea haiwezi kuliwa kwa jioni moja, wala kikundi cha hewa hakiwezi kuiendesha. Pili, majina ya vikundi vilivyopewa yabandikwe ukutani, penye ofisi ya mtaa na ya kijiji, watu wote wayasome. Jirani ajua kuliko mkaguzi ni nani aliyepo na ni nani asiyekuwapo.

Na sisi sote tusomao, tuache kulitumia neno hili ovyo. Mtu atakaposimama tena mbele ya vijana akasema "jiajirini", aulizwe kwa adabu: Kwa chombo gani, mzee? Mahali gani? Kwa ujuzi gani, na nani atawafundisha? Akiwa na majibu, tumpigie makofi, kwa kuwa amekuja na msaada. Akiwa hana, na aketi kwanza, awaache vijana waseme, maana wao wanaijua hesabu ya kila jioni kuliko yeye.